Walinifanyia Shilembe Nikiwa Hai

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa mbili kamili asubuhi, nimenyoa ndevu, nimevaa suruali ya kaka yangu, kwenye ukumbi uliokuwa nyuma ya soko la Kakamega. Nilidhani mwanabendi huripoti kazini kama karani wa mahakama. Nikakaa kwenye ngazi mpaka saa sita, jua linanichoma utosi, ndipo Kiongozi wa Bendi akatokea akitafuna muwa.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi Shivachi, yule mpiga gitaa wa Malinya. Ulinisikia kwa harusi ukasema nikuje."

"Unapiganga nini?"

"Solo."

Alicheka mpaka akapaliwa. "Kijana, hapa solo haiombwi. Utapiga rizimu. Na utapiga na waya tano."

Akachukua gitaa nililopewa, akalegeza waya wa kwanza, ule mwembamba ambao vijana hupenda kuuchezea ili wasikike, akauchomoa na kuutia kwenye mfuko wa shati lake. Rizimu ni gitaa la katikati. Kazi yake ni kuushikilia wimbo usianguke, na likipigwa vizuri hakuna anayeligundua. Solo ndilo linaloimba juu ya mengine, ndilo watu huenda nalo nyumbani kichwani. Miezi minane nilipiga rizimu kwa nyaya tano. Kiongozi alisema mtu asiyejua kusaidia wimbo hana ruhusa ya kuuongoza. Nilimchukia kwa miezi sita, na miwili iliyobaki nikaanza kuelewa.

Nimeombwa niwaeleze nyinyi vijana jinsi kazi ya bendi ilivyofanywa siku zetu, na nitaeleza. Lakini nisikilizeni vizuri, kwa maana nimekasirika na sina haja ya kuficha. Nina miaka sabini na mmoja. Nina nyimbo mpya kumi na moja ambazo karibu hakuna mtu aliyezisikia, na hakuna aliyeomba kuzisikia. Watu wa hapa kwetu wamekaa bila mimi, wakaamua kwamba kazi yangu imekwisha, na mimi mwenye kazi sikuambiwa.

Basi turudi nyuma kidogo. Mazoezi yetu yalikuwa ya mchana, Jumanne hadi Ijumaa, na mchelewaji alifagia ukumbi. Wimbo haukuandikwa kwenye karatasi. Mtunzi alikuja na maneno na sauti, besi ikatafuta njia yake chini, rizimu ikaingia, ngoma zikafuata, na solo likaja mwisho kabisa, kama mgeni wa heshima. Halafu tulikuwa na kile tulichokiita kupandisha. Ukishamaliza kuimba maneno, wimbo unakaza mwendo, magitaa yanazungumza yenyewe, na watu walioketi wanasimama. Kupandisha mapema ni kosa, kuchelewa ni kosa. Kiongozi alikuwa akipandisha kwa kukanyaga mguu wa kushoto mara moja tu, nasi sote tulipiga tukiutazama ule mguu.

Bendi ilipovunjika nilienda Eldoret kupiga hotelini, chini ya Meneja. Huyo hakujua muziki hata chembe. Vyombo vilikuwa vyake, yaani magitaa, ngoma na spika, kwa hiyo na sisi tulikuwa vyake. Alitaka wageni wale huku wakisikia kitu kwa mbali. "Shivachi," aliniambia mara moja, "hapa watu wanakula nyama. Punguza hiyo gitaa mpaka nisikie kisu ikigusa sahani." Nilipunguza. Miaka miwili nilipiga nikisikiliza visu. Namshukuru kwa jambo moja, kwamba nilijifunza kupiga polepole bila kulala.

Kutoka hapo nikaenda Nairobi, studio, kwa bwana tuliyemwita Mtayarishaji. Siku hizo santuri ndogo ilikuwa na pande mbili, na kila upande ulikuwa na dakika zake chache, ukizidisha hauingii. Mtayarishaji alikaa nyuma ya kioo, na dakika zikikaribia kwisha aliwasha taa nyekundu. Hapo unamaliza, hata kama msichana kwenye wimbo hajakujibu. Upande wa kwanza uliweka maneno, wa pili ukaweka kupandisha. Huko ndiko nilikorekodi "Viatu."

Mnaujua. Kila mtu anaujua, na hapo ndipo balaa langu linapoanzia. Niliutunga nikiwa na miaka thelathini na moja, juu ya msichana mmoja wa huku kwetu aliyenikataa mbele ya watu kwa sababu nilienda kumposa miguu mitupu. Ukapigwa redioni, ukapigwa kwenye harusi, ukapigwa kwenye mechi za shule. Nikaja kuoa fundi cherehani aliyeshona sare za bendi yetu, Salome, na hata siku ya harusi yangu mwenyewe wakapiga "Viatu." Tangu hapo nimetunga nyimbo zaidi ya mia mbili. Ukiuliza mtu barabarani Shivachi ameimba nini, atakutajia moja.

Niliporudi nyumbani kabisa, Padre wa parokia moja upande wa Mukumu aliniajiri niwafundishe kwaya. Mtu wa haki sana yule. "Gitaa lako lina dhambi kidogo, Shivachi, lakini linashika sauti," alisema, na akanifundisha kusoma noti nikiwa na miaka hamsini na mbili. Hakuna mtu aliyeona ajabu mimi kujifunza katika umri huo. Nilikaa naye miaka tisa mpaka akahamishwa.

Hapo sasa ndipo nilipogundua kwamba mwanamuziki akiota mvi hugeuka kuwa mali ya umma. Mwalimu akistaafu huitwa kwenye vikao ashauriane na watu. Salome ana miaka sitini na minane, anashona sare za shule kila Januari mpaka vidole vinavimba, na hakuna hata mmoja anayemwambia aokoke aache cherehani. Lakini mimi! Mimi kila mtu ana mpango na mimi.

Binti yangu Imali alikuja kutoka mjini na vifaranga hamsini kwenye katoni. "Baba, kuku wa kienyeji hawasumbui. Utakuwa na kitu ya kufanya." Nina kitu cha kufanya! Nilimwambia. Akanipiga begani vile mtu humpiga mgonjwa begani. Salome naye, mke wangu wa miaka yote hii, akajenga banda siku hiyo hiyo, akaliweka chini ya dirisha la chumba ambamo huwa natunga. Sikumwelewa siku ile. Nilidhani angalau yeye alikuwa upande wangu.

Mchungaji mmoja alinijia na shauri lake. Alitaka niokoke, halafu "Viatu" tuugeuze uwe wa injili. "Ni kazi ndogo, mzee. Mahali pa jina la yule msichana, unaweka tu Yesu." Nikamwuliza kama anayajua maneno ya wimbo wenyewe. Akasema anayajua. Nikamwambia, "Basi nitakuwa nikiimba kwamba Bwana alinikataa mbele ya watu kwa sababu sina viatu." Kisha akasema tunaweza kurekebisha kidogo. Mheshimiwa mmoja naye alitaka jina lake liingie pale pale. Jamani, yule msichana mwenyewe sasa ni nyanya wa watu na bado hawamwachii nafasi yake.

Na wengine huniuliza tu njiani, kwa upole unaoudhi kuliko tusi, "Mzee, bado unapiganga?" Hakuna anayemwuliza mkulima kama bado analima.

Mwezi uliopita akaja Afisa wa Utamaduni. Kijana msafi, mzaliwa wa mjini, anaishi Shirere, na mkononi ana simu mbili. Aliketi kwenye sebule yangu akakataa chai mara moja tu, kwa hiyo akapewa.

"Mzee wetu, tumekuplania kitu kubwa," alisema. "Watu wetu hawaheshimiwangi wakiwa hai. Sisi tumesema hapana. Tutakufanyia heshima hapa kwako nyumbani, Jumamosi, watu wote wakuje."

Nilifurahi, nikiri. Nikamwambia nakubali kwa sharti moja. Nipewe dakika nne niimbe wimbo mpya. Siombi zawadi, siombi kiti, siombi hotuba. Nipewe dakika nne mbele ya watu wangu, nao waniambie kama ninafaa au sifai.

"Dakika nne ni nini, mzee? Siku ni yako."

Aliandika kwenye simu moja. Nilimwona akiandika.

Wimbo wenyewe unaitwa "Shimo." Hapa Ikolomani watu wanachimba dhahabu kwa jembe na sululu, kila mtu kwenye shamba lake, na wapo ambao wameifuata dhahabu mpaka chini ya nyumba. Nimetunga juu ya mtu anayechimba kuelekea jikoni kwa mama yake, na kuta zinaanza kupasuka. Nilikaa nao miezi mitatu. Nilidhani ni wimbo bora kuliko wowote niliowahi kutunga, na bado sina hakika kama nilijidanganya.

Ilipofika Jumamosi, mahema yalikuja saa moja asubuhi. Bango likatundikwa langoni. Lilikuwa na picha yangu ya ujana, nyeusi na nyeupe, imezungushiwa maua pande zote, na jina langu chini yake. Salome aliliangalia kwa muda mrefu, leso mabegani.

"Tarehe tu ndiyo hawajaweka," akasema.

Saa nne kasorobo, shemeji yangu wa Lugari akaingia langoni na debe la maharagwe kichwani, akilia kwa sauti ya juu. "Woi! Shivachi, umetuacha na nani? Woi!" Nilienda kumpokea mzigo, kama adabu inavyotaka. Akanipa debe huku akilia. Kisha akaniona. Alikaa chini pale pale kwenye nyasi akasema apewe maji. Nyuma yake jirani zetu wawili walikuwa wanakuja na unga wa mahindi na kuni, na uso wa matanga.

Nikamwuliza shemeji ni nani aliyemwambia nimekufa. Akasema hakuna mtu aliyetamka hivyo. Aliambiwa tu kwamba Jumamosi kwa Shivachi kutakuwa na isukuti na fahali analetwa bomani. "Sasa ungetaka nifikirie nini, shemeji?"

Hapo nikaelewa. Kwa asiyetoka kwetu, nieleze. Mzee mwenye jina akifa huku, baada ya kuzikwa hufanyiwa shilembe. Fahali huletwa kwenye boma lake, ngoma za isukuti hulia, watu huzunguka wakimsifu kwa sauti, na fahali huyo hukanyagishwa kaburi. Ni heshima kubwa sana, na si kila mtu huipata. Lakini ina sharti lake moja, nalo halihitaji kuandikwa popote.

Kijana wetu Afisa alikuwa ameiona kwenye simu, kipande cha dakika moja. Aliona fahali, ngoma, vumbi, umati unaolitaja jina la mtu mkubwa. Akasema moyoni, kumbe hivi ndivyo mashujaa wetu wanavyoheshimiwa. Akaagiza hivyo hivyo.

Saa nne tuliwasikia. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na zikipigwa vizuri hata mguu wa mtu mwenye hasira husogea. Wangu ulisogea. Walikuwa wanapanda kutoka barabarani na matawi mabichi mikononi, na mbele yao fahali mweusi wa Mzee Ingosi, pembe zimenolewa, kamba mkononi mwa Mzee Ingosi mwenyewe. Huyu ni mwenye fahali anayejulikana katika viwanja vyote vya kupiganisha mafahali vya huku, mtu wa miaka themanini, na nilichunga naye nikiwa mdogo. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amenililia njia nzima.

Alipofika langoni akaniona nimesimama kando ya bango, na suti yangu, nimeshika debe la maharagwe. Akainua mkono. Ngoma zikakatika.

"Shivachi."

"Ingosi. Mulembe."

"Mulembe." Akanitazama juu mpaka chini. "Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Sasa hii ni nini?"

Afisa alikuja mbio, simu zote mbili mkononi. "Karibu, mzee, karibu! Pitisha tu ng'ombe hapo katikati ya tenti, wapiga picha wako tayari."

"Wewe ni mutoto wa nani?" Mzee Ingosi alimwuliza, taratibu. Afisa akataja jina la babake. "Babako hakukufundishanga kitu? Fahali yangu haingii hapa mpaka nionyeshwe kaburi."

"Lakini mzee, tunamheshimu akiwa hai. Ndio maana yake."

"Basi muheshimu na chai! Muheshimu na ingokho, mumuchinjie kuku! Unaniletea fahali kwa boma ya mutu anapumua? Unataka nikanyagie nini hapo, nyasi?" Akageuka kwangu. "Na wewe ulikubali?"

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu yule msichana wa "Viatu." Nikasema sikujua. Mzee Ingosi akamfunga fahali kwenye mti upande wa pili wa barabara, akarudi akaketi hema la nyuma, fimbo katikati ya magoti. Alisema hatatoka mpaka ajue kinachoendelea.

Sherehe iliendelea. Mngedhani ingesimama! Mambo yaliyolipiwa hayasimamishwi. Waliniketisha kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe, wakasimama wasemaji saba, mmoja baada ya mwingine. Shivachi alikuwa mtu mpole. Uongo. Shivachi alikuwa mwalimu wa wengi. Shivachi hakuwahi kugombana na mtu. Salome alikohoa hapo. Msemaji wa tano alisema sauti yangu haikuwahi kukosea, na huyo nilipiga naye bendi moja, anajua nilivyoharibu kiitikio mara tatu siku moja kwenye harusi ya mwalimu wake. Kwetu marehemu hasemwi vibaya. Nilikaa kwenye kile kiti nikisikiliza sifa, na kila sifa ilinipandisha hasira, kwa maana hakuna mtu hata mmoja aliyenipata na kosa.

Kisha wakaniletea gitaa la umeme, zuri, jekundu. Nikatafuta waya wa kuliunganisha na spika. Hakuna. Fundi wa mitambo akanikonyeza. "Usijali, mzee. Iko kwa laptopu. Wewe fanya tu mikono."

"Viatu" ukaanza. Sauti yangu ya miaka thelathini na moja ikatoka kwenye spika, nyembamba na yenye kiburi, na watu wakashangilia wakacheza wakiitazama spika. Mimi niliweka mikono juu ya magoti nikaiacha hapo mpaka wimbo ukaisha. Afisa alinifanyia ishara nichezeshe vidole. Sikuchezesha.

Ilikuwa imefika saa nane na nusu. Mvua ya Kakamega haina siri, kila mtu anajua saa zake, na mawingu yalikuwa yameshafika juu ya msitu. Mfawidhi wa sherehe akachukua kipaza sauti. "Na sasa, kwa dakika moja, mzee wetu atupe neno la mwisho."

Nilisimama. "Sina neno la mwisho. Niliahidiwa dakika nne za wimbo mpya."

Afisa akaninong'oneza, "Mzee, mvua. Na chakula itapoa. Tutarekodi siku ingine."

Nikamwita Salome mbele ya watu wote. "Niletee gitaa kavu." Gitaa kavu ni lile la mbao lisilotumia umeme. Alinitazama. Nilidhani atanikatalia, yeye na kuku wake. Akaingia ndani, akakawia, akatoka nalo. Alikuwa amelipangusa vumbi.

Nikapiga "Shimo." Nilipofika kiitikio cha kwanza mvua ilidondoka, matone makubwa, na nusu ya watu wakakimbilia hema la chakula. Sikuacha. Nilipokuwa ubeti wa tatu walikuwa wamebaki labda thelathini, wengine kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Vidole vyangu vilikosa mahali pawili. Nikapandisha, nikamaliza. Wakapiga makofi ya adabu, na kutoka hema la chakula mtu akapaza sauti, "Leta Viatu!" Watu wakacheka.

Mzee Ingosi aliinuka, akaja mpaka kwenye kiti changu, mvua inamchuruzika. "Nimeona," akasema. Akavuka barabara, akafungua kamba, akaondoka na fahali wake. Hakumuaga Afisa.

Nilienda kukaa barazani peke yangu. Sitadanganya, moyo ulikuwa umenivunjika. Ukidharauliwa na usiowajua unakasirika, lakini ukipigiwa makofi ya adabu na watu wa kwenu huna hata wa kumkasirikia. Nilijiambia pengine wana haki. Pengine mtu huwa na wimbo mmoja tu, na huo niliumaliza zamani. Nilianza kuzungusha ufunguo wa kulegeza waya wa kwanza, nikikusudia kuzitoa nyaya zote.

Salome alikuja na sahani mbili, obusuma, yaani ugali wetu, na kuku. Akaketi. Akala kidogo.

"Ile beti ya tatu ni mbovu," akasema.

"Nini?"

"Mbovu. Unahubiri."

"Sihubiri! Mama anamwonya mtoto wake."

"Anamwonya kama katekista. Baba Imali, mama ambaye jikoni yake inapasuka haongeangi hivyo. Hasemi, tamaa mbele mauti nyuma. Anauliza, sufuria zangu nitaweka wapi?" Alinyonya mfupa. "Na unachelewa kupandisha. Watu walikuwa tayari, wewe ukarudia kiitikio. Ya nini?"

"Kwa sababu kiitikio ni kizuri!"

"Ni kizuri mara mbili. Mara tatu ni kiburi."

Tuligombana. Nilimwambia yeye ni fundi cherehani. Akaniambia ndiyo, na anajua nguo ikizidi urefu. Nikamwambia kama wimbo ni mbaya hivyo mbona hakusema miezi mitatu yote akinisikia kupitia dirishani. Akasema, "Hukuniuliza. Tangu utoke kwa Padre hujaniuliza wimbo hata moja. Nilidhani umeacha. Nilidhani unajiliwaza tu, nikakuletea kuku." Tuligombana mpaka mvua ikakatika na mahema yakafunguliwa, na nilikuwa na hasira tele, na ndani ya hasira ile nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Mke wangu alikuwa ananipata na makosa.

Vijana, mniulizao mzee wa muziki afanye nini baada ya hapa, jibu langu ndilo hili. Msimtafutie kuku. Msimwokoe ili mpate wimbo wake. Msimwambie alikuwa mkubwa. Mkitaka kumheshimu, kaeni chini, sikilizeni kitu chake kipya, na kama ni kibaya mwambieni ni kibaya, na mahali gani. Sifa tupu mngoje mnizike, na hapo nitawaachia Mzee Ingosi na fahali wake wafanye yao, kama atakuwa bado yupo. Kwa sasa nina nyimbo kumi na moja, moja ina ubeti mbovu, na zile kumi Salome bado hajazisikia zote.

Jumatatu asubuhi aliwawekea kuku maji yeye mwenyewe, akafunga mlango wa chumba changu kwa nje watu wasiniingilie. Nilikuwa nimeshaufuta ubeti wa tatu wote. Nilikuwa natafuta sufuria za yule mama, zingapi, na ipi ya kwanza kutajwa, simu ilipolia barazani. Alikuwa Afisa. Nilimsikia Salome akimjibu kwa heshima, akimwuliza habari za wazazi. Afisa alikuwa anaandaa kijitabu cha ile sherehe, na kilikuwa kimebakiza jambo moja tu, mwaka ambao mzee alistaafu. Angeweza kuongea naye dakika moja?

"Hapana, mwanangu," Salome akasema. "Piga jioni. Saa hii yuko kazini."